Amplifaya ya Wati 1,000 Inajizima: Je, Sabufa Ni Ndogo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Noah ya abiria inayofanya safari kati ya Tabora na Urambo. Nilifunga amplifaya ya chaneli mbili iliyoandikwa wati 1,000 yenye fyuzi ya ampea 30, pamoja na sabufa mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zenye wati 150 za RMS, yaani nguvu inayodumu, kila moja. Fundi aliziunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha akazifanya chaneli zote mbili kuwa moja. Nikipandisha sauti, taa nyekundu inawaka na muziki unakatika. Muuzaji ananishauri ninunue sabufa kubwa zaidi. Nifanyeje?
Dereva, Ipuli, Tabora

JIBU: Ndugu dereva, tafadhali usinunue chochote kwanza, kwa maana tatizo limo katika uungaji wa waya. Sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kama zako, hubaki na omu 2, ilhali amplifaya nyingi za chaneli mbili, chaneli zake zinapofanywa kuwa moja, hazistahimili chini ya omu 4. Umeme mwingi kupita kiasi hupita, amplifaya hupata joto na kujizima ili isiungue. Taa hiyo nyekundu ni ya ulinzi. Mwambie fundi aipe kila sabufa chaneli yake.

Kuhusu wati 1,000, hebu itazame fyuzi yako. Ampea 30 zikizidishwa kwa volti 14 za gari lililowashwa ni wati 420 zinazoingia, na katika amplifaya za kawaida za daraja la AB (aina ya saketi ya amplifaya) karibu nusu yake hupotea kama joto. Kwa hiyo kila sabufa inapata wati 100 na ushei tu, na kubwa zaidi isingekusaidia lolote. Inasikitisha kwamba wateja wanauziwa namba ya kwenye boksi badala ya RMS, ambayo ndiyo nguvu inayodumu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuunguza sabufa. Kitufe cha geini, kinacholinganisha amplifaya na mawimbi yanayotoka kwenye redio, hakikuwekwa kwa ajili ya kuongeza sauti; kikizungushwa hadi mwisho, mawimbi hukatwa vichwa, besi huanza kukwaruza na koili (waya uliosokotwa ndani ya sabufa) hupata joto. Kirudishe nyuma mara usikiapo mkwaruzo.

Fundi akipima sabufa kwa mita na kusoma omu 3.4 hivi, asiikatae, kwani koili ya sabufa ya omu 4 husoma pungufu kidogo.