Re: Pampu ya hewa isiyo na mota, inanguruma bila mapovu

Mkubwa, umeuliza pampu ya tangi lako la samaki pale Himbi, mtaa wetu wa Goma, inasukumaje hewa bila mota, na mbona sasa inanguruma tu.

Fungua kifuniko uone. Kuna koili ya waya wa shaba, na mbele yake mkono mwembamba wenye kisumaku kwenye ncha. Umeme wetu wa 220 V hugeuza mwelekeo, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo koili huwa sumaku ambayo ncha zake hubadilika kaskazini-kusini bila kupumzika. Kisumaku kinavutwa huku, kinasukumwa kule, mara 50 kila sekunde. Huo ndio mngurumo unaousikia. Mkono umeshika kiwambo cha mpira: kikivutwa, vali moja inafunguka na hewa inaingia, kikisukumwa, hiyo inajifunga, ya pili inaipitisha kwenye bomba.

Sasa, kama inanguruma, koili ni nzima. Usiiguse! Tazama kiwambo kwenye mwanga, ukikikunja taratibu. Changu kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pembeni mwa skrubu. Vali nazo hukwama kwa vumbi, na hapa Goma vumbi la mawe meusi linaingia hata kwenye sukari.

Usiiunganishe moja kwa moja na betri ya sola. Umeme wa betri haugeuki: mkono utavutwa mara moja ubaki hapo, bila kusukuma hewa.

Halafu iweke juu kuliko maji. Umeme ukikatika, maji hurudi kwa bomba hadi ndani ya pampu.