Jibu: Diski yenye sekta mbovu na fomati ya ngazi ya chini

Ndugu, umeuliza kama fomati ya ngazi ya chini (kuchora upya mipaka ya sekta kwenye diski) itaponya sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data vilivyoharibika, za diski yako ya SATA (aina ya kawaida ya muunganisho wa diski na kompyuta). Fomati hiyo halisi siku hizi hufanyika kiwandani tu; enzi za diski kama ST-506 ya mwaka 1980, mtumiaji aliifanya mwenyewe. Programu zinazojiita hivyo leo huandika sufuri diski nzima. Hata hivyo inasaidia, maana sekta isiyoandikika diski huibadilisha kwa sekta ya akiba.

Nakili faili zako kwanza, tafadhali sana! Kisha kwenye Windows fungua diskpart (programu ya amri ya kusimamia diski), chagua diski (ukikosea namba umefuta nyingine), andika clean all, amri inayoandika sufuri diski nzima. Halafu soma taarifa za SMART (kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe): sekta zilizobadilishwa zikizidi kuongezeka, nunua diski mpya.