Usichape hilo bango

Mkuu, simama hapo hapo. Bango la kituo chako cha tuisheni lisitoke kwa mchapaji likiwa na "The list of our subjects include". Hilo limenipandisha presha, hasa uliposema unafuata kanuni ya "s ni moja tu": ikikaa kwenye nomino, kitenzi kisiwe nayo.

Kanuni hiyo naijua, nimeilipia ada. Mwalimu wetu wa tuisheni alituimbisha kama kwaya: boy runs, boys run, boy runs, boys run. Kwa sentensi ya maneno mawili haina shida. Ikiingia "of" katikati inakufa, na hilo hakulisema hata siku moja. Alikuwa na haraka ya kukusanya hela za kundi la jioni.

Nikaja kupata kazi ya kuandika maneno ya kalenda za ukutani za mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Chini kabisa, kwa herufi nyekundu, nikaweka: "The quality of our products speak for itself." Jirani wa kitenzi ni "products", ana s yake, basi "speak" nikaivua ya kwake. Na tazama uchizi wenyewe: "itself" nimeiandika kwa umoja! Kichwa kilishajua mwenye sentensi ni "quality", mkono ukamsikiliza mwalimu. Mchapaji naye akasema Kiingereza kimenyooka. Sijui alikipima kwa rula.

Kalenda zikafika dukani. Binti wa mwenye duka, mwanafunzi wa sekondari, akausoma ule mstari kwa sauti mbele ya wateja, halafu akauliza, "Baba, mbona hapa hawajaweka s?" Mzee hakugomba. Alisema tu anataka kalenda mpya kabla ya Krismasi, na gharama nijue mwenyewe. Malipo yangu yote yakaishia huko, na juu yake nikakopa. Zile mbovu nikapewa zote, kama zawadi. Mama akawagawia majirani wafunikie madaftari, kwa hiyo mwaka ule watoto wa mtaa mzima walikwenda shule na kosa langu. Cheka tu, nimeshazoea.

Sasa shika hili: kabla hujagusa kitenzi, iseme sentensi kwa Kiswahili, usikie kiambishi kinamfuata nani. Ubora wa bidhaa zetu *u*najieleza. Ubora ndio mwenye kitenzi, bidhaa wamo kwenye msafara tu, basi "speaks". Yako: orodha ya masomo yetu *i*najumuisha. Orodha ni moja, basi "includes". Inakutoa hata pale watu wanapogombana: idadi ya wanafunzi imeongezeka, "the number of students has increased", wanafunzi kadhaa wamejiandikisha, "a number of students have registered". Baadhi ya chakula kimeharibika, "has". Baadhi ya wanafunzi wamechelewa, "have". Mwalimu wangu na s yake moja angefika wapi hapo?

Inakwama kwenye "pamoja na", na mstari wa mwisho wa bango lako umeingia humo humo. Sisi tunasema mkurugenzi pamoja na walimu wake wanawakaribisha, na hakuna anayeshtuka. Kiingereza cha "together with" hakiwahesabu hao walioongozana naye: "The director, together with his teachers, welcomes you." Ukitaka "welcome", weka "and": "The director and his teachers welcome you."

Kesho asubuhi nenda kwa mchapaji mwenyewe, usitume mtu. Mpe faili jipya lenye "includes" na "welcomes", na lile la zamani alifute ukiwa umesimama hapo, maana hawa jamaa huchapa lolote wanaloliona la kwanza kwenye kompyuta.