Fundi Anajibu: Kufungua Hedi ya Injini Nyumbani

SWALI: Fundi wetu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Iringa. Gari langu ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A-FE, na limenitumikia kwa miaka kumi na moja kazini, shambani na misibani. Mwezi uliopita lilichemka nikiwa katikati ya kupanda mlima Kitonga; nilisubiri lipoe, nikaongeza maji ya dumu, likanifikisha nyumbani. Tangu siku hiyo linapunguza maji ingawa hakuna panapovuja, na kila asubuhi injini hutetemeka kwa dakika moja hivi kabla ya kutulia. Fundi wa gereji ya jirani anashauri nitoe injini yote na kununua nyingine ya mtumba. Nina spana zangu, nina ua wenye sakafu ya saruji, na likizo yangu ni ya wiki tatu. Je, ninaweza kufungua hedi mwenyewe?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Unaweza, ila gawanya kazi mapema: kufungua na kufunga utafanya wewe uani, na kusawazisha hedi kutafanywa na wachonga vyuma wenye mashine. Wengi wanaoharibikiwa nyumbani huwa na mikono mizuri tu. Kosa lao ni kufungua kabla ya kupima, au kufunga bila kuondoa kilichoichemsha injini tangu mwanzo.

Dalili ulizoeleza zinaelekeza kwenye gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku (mwili wa injini wenye silinda). Gari likilala, maji hupenya kidogo kidogo na kuingia ndani ya silinda mojawapo, na asubuhi silinda hiyo hushindwa kuwaka hadi ikauke. Ndiyo maana injini hutetemeka kisha ikatulia. Hata hivyo, thibitisha. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa, washa gari, na utazame shingo ya rejeta: mapovu yasiyokwisha ni gesi ya silinda inayoingia kwenye njia za maji. Chomoa pia kijiti cha oili, na uangalie upande wa ndani wa mfuniko wa oili. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena gari hilo hata kwa kulisogeza tu, kwa sababu oili iliyochanganyika na maji hula beringi za krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na hapo kazi ya hedi itageuka kuwa kazi ya injini nzima.

Kipimo cha tatu ndicho muhimu kuliko vyote, nacho kinahitaji geji ya kompresheni, ambayo unaweza kuiazima. Injini ikiwa na moto wake wa kawaida, ondoa plagi zote nne, chomoa soketi ya distribyuta ili kusiwe na cheche wala petroli, kisha mtu mwingine akanyage mafuta hadi mwisho huku akipiga stata. Kwa injini za ukoo huu wa A, Toyota hutaka kiasi cha kilo 13.5 kwa sentimita moja ya mraba. Kikomo cha chini ni 10, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 1. Wewe lakini uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini iliyo nzima itasoma chini kuliko ingesoma Dar es Salaam. Usiogope basi namba yenyewe, tazama tofauti. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja huku nyingine zikiwa nzuri, gasketi imekatika katikati yao. Zote nne zikiwa chini, mimina kijiko cha oili katika kila tundu la plagi na upime upya: zikipanda, ringi za pistoni zimechoka, na kuifungua hedi hakutakusaidia. Katika hali hiyo peke yake ndipo ningekubaliana na jirani yako kuhusu injini ya mtumba.

Tuseme ni gasketi. Injini ilale usiku mzima ipoe, kwa kuwa hedi ni ya aluminiamu na ikifunguliwa ikiwa na moto hupinda. Toa waya hasi wa betri, mwaga maji, kisha piga picha kila paipu na kila soketi kabla ya kuigusa. Zungusha krenki hadi alama za taimingi zikutane silinda namba moja ikiwa juu, kisha uutie mkanda wa taimingi alama yako ya rangi, hata kama unakusudia kuweka mpya. (Weka mpya. Kama hujui wa sasa umekwenda kilomita ngapi, hesabu kuwa umekwisha.)

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua baada ya kuharibu. Kemshafti moja ya injini hii (shafti inayofungua valvu) huendeshwa na mkanda na ya pili huendeshwa kwa meno, na meno hayo yana gia ndogo ya pembeni yenye springi. Kabla ya kuitoa kemshafti, gia hiyo lazima ifungwe kwa boliti ndogo ya milimita 6 kwenye tundu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, la sivyo itafyatuka na kuirudisha itakuwa shughuli ya nusu siku. Vifuniko vya kemshafti navyo vilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, shafti ikipanda ikiwa sawa. Ukilegeza upande mmoja hadi mwisho, shafti hulala na kuvunja kingo za hedi inapokalia. Hedi ya namna hiyo haina dawa ya bei nafuu.

Boliti za hedi ni kumi. Zilegeze kuanzia za pembeni kuelekea katikati, kwa awamu kadhaa. Hazina urefu mmoja: za upande mmoja ni milimita 90 na za upande mwingine ni milimita 108. Chora hedi kwenye kipande cha boksi, toboa matundu kumi, na kila boliti ikae kwenye tundu lake hadi siku ya kufunga. Nimekuwa nikitumia boksi la sabuni kwa miaka yote na sijaona chombo cha kisasa kinacholishinda.

Hedi ikishatoka, ipeleke kwa wachonga vyuma hata kama macho yako yanaiona imenyooka. Wao wataweka rula ya chuma juu ya uso unaokaa kwenye bloku na kupitisha fila (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake, na kikomo ni milimita 0.05, kipimo kisichoonekana kwa jicho. Waombe waisage kwa kiasi kile tu kinachohitajika, na waijaribu kwa maji yenye shinikizo ili kuona kama ina ufa kati ya valvu. Wewe huku nyumbani safisha uso wa bloku kwa kikwangulio cha plastiki au mbao, usitumie msasa, kwa maana vumbi lake huingia kwenye njia za oili na kukwaruza beringi. Kausha pia matundu ya boliti. Tundu likibaki na maji au oili chini yake, boliti inaposhuka haina pa kuyapeleka, na bloku inaweza kupasuka ukiwa unakaza kwa nia njema.

Kufunga ni kinyume cha kufungua: gasketi mpya, kavu, bila gundi yoyote ya silikoni, na boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu. Spana hiyo usiikwepe. Kiasi cha kukaza kisome kwenye kitabu cha ukarabati cha injini yako yenyewe, kwa kuwa boliti za matoleo mbalimbali ya ukoo wa A hazikazwi kwa namna moja. Mkanda ukishakaa, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, na alama zisipokutana usipige stata.

Sasa tuje kwenye Kitonga. Gasketi haiungui bila sababu, na nikitazama gari la umri huo kwanza ninauliza kama bado lina thamostati, ile valvu inayofunguliwa na joto ili kupitisha maji. Mafundi wetu wengi huitoa na kuitupa wakiamini kuwa inazuia maji, ilhali injini imepangiwa kufanya kazi na thamostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na isipokuwepo maji hayazunguki kama yalivyokusudiwa. Swali langu la pili ni mfuniko wa rejeta. Kwenu Iringa maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 95, si 100, na kinachoyafanya yavumilie joto zaidi ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko huo. Mpira wake ukichakaa, gari litachemka mlimani hata kama kila kitu kingine ni kizima. Badilisha vyote viwili, osha rejeta nje na ndani, hakikisha feni inawaka, na tumia kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) badala ya maji matupu ambayo yameijaza kutu bloku yako ya chuma kwa miaka kumi na moja.

Kuhusu injini ya mtumba, unachonunua ni injini ambayo hukuisikia ikiunguruma. Aidha namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo ukibadilisha utalazimika kushughulikia kumbukumbu hizo pia.

SWALI: Fundi, salamu. Gari langu ni Toyota NZE na linatoa moshi wa buluu. Nataka kubadilisha ringi mwenyewe hapa nyumbani. Nianzie wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Anza kwa kuangalia moshi unatoka saa ngapi. Ukitoka kwa wingi unapowasha asubuhi kisha ukakoma, shuku sili za valvu, ambazo ni kazi ndogo zaidi. Ukitoka unapokanyaga mafuta safari nzima, hapo ndipo pa kuzishuku ringi. Kabla ya yote badilisha valvu ya PCV (inayotoa gesi zilizonaswa ndani ya injini), ambayo ni rahisi na ikiziba husukuma oili mahali isipotakiwa. Kisha pima: jaza oili hadi alama ya juu na uone imepungua kiasi gani baada ya kilomita 1,000. Watengenezaji wengi huhesabu lita moja kuwa ndiyo kikomo. Ikiwa yako ni nusu lita, nunua dumu la oili, liweke kwenye buti, na uendelee na maisha; ringi mpya ndani ya silinda isiyopimwa kwa maikromita hurudisha moshi uleule.

SWALI: Kaka fundi, mwanangu ana miaka 22 na amemaliza chuo cha ufundi. Anataka kuinyanyua injini ya gari la babake kwa chenibloku iliyofungwa kwenye tawi la mwembe wetu. Mimi nina hofu, naye anasema mafundi wote hufanya hivyo. Nani yuko sahihi?
Mama msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, wote wawili. Mafundi hufanya hivyo kweli, na hofu yako ni ya haki, kwa kuwa injini na giaboksi vikiwa pamoja huzidi kilo 100 kwa mbali na tawi la mwembe huvunjika ghafla bila kulia kwanza. Afunge fremu ya miguu mitatu ya mabomba ya chuma, au aazime winchi ya magurudumu. Injini ikishaning'inia, mtu asipitishe mkono wala kichwa chini yake, na gari lenyewe lisimame juu ya stendi au magogo mapana, kamwe lisiachwe juu ya jeki peke yake. Oili chafu aikusanye kwenye dumu, asiimwage mfereji wa kuelekea kisimani. Na siku atakayofungua paipu za petroli, wewe upikie upande wa pili wa nyumba.