Shata ya Canon AE-1 imegoma? Anza na betri

Pole, kaka. Unasema Canon AE-1, kamera ya filamu ya marehemu mzee, imegoma: umeshavuta filamu, ukibonyeza kitufe kimya, na hapa Dar fundi wa kamera za filamu ni wa kutafuta kwa tochi. Kabla hujashika bisibisi, badilisha betri! AE-1, ya mwaka 1976, shata yake (pazia zinazofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu) inategemea umeme. Bila volti 6 haifyatuki kabisa. Betri yenyewe ni 4LR44. Ukiikosa Kariakoo, panga betri nne ndogo za kidonge, LR44, vikielekea upande mmoja, uvizungushie karatasi. Penye kutu ya kijani kwenye vyuma vinavyogusa betri, futa kwa pamba yenye siki kidogo.

Mafuta usipulizie. Mimi nilipulizia yangu, pazia za shata, ambazo ni za kitambaa, zikalowa, sasa ni pambo la kabatini.