Karatasi Mbili za Damu

Mwanangu ana miaka 14 na sijapata kumwona akikataa wali wa nazi. Usiku ule aliisukuma sahani, akasema tumbo linamuuma hapa kwenye kitovu. Mimi nikalaumu achari za maembe wanazonunua wakitoka madrasa. Mama mkwe akasema ni chango, akaulizia haluli. Bahati yetu haluli ilikuwa imekwisha. Baadaye daktari aliniambia dawa ya kuharisha huweza kukipasua kidole tumbo kilichovimba.

Alfajiri alitapika, na maumivu yakawa yamehama. Yalikuwa yameteremka kulia, chini, karibu na nyonga, naye akitembea ameinama kama mzee. Kuhama huko ndiko ningepaswa kukutaja mlangoni tu mwa zahanati. Sikukutaja, na wao hawakuuliza. Walimpima malaria, hakuna. Wakapima Widal, kipimo cha damu cha taifodi, ikasoma kwamba anayo, tukarudi na vidonge vya taifodi. Kwa watu wa pwani Widal si hoja kubwa: hutafuta kingamwili, na aliyewahi kuugua taifodi zamani au kuchanjwa anaweza kusoma hali hana ugonjwa leo.

Kufika saa nne mtoto hawezi kukohoa bila kushika tumbo. Tukaenda kwengine, na safari hii niliomba mwenyewe wampime hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu, pamoja na CRP, protini ya damu inayopanda mwilini mkiwa na uvimbe au maambukizi. Nilikuwa nimeambiwa kuwa kidole tumbo kikiwaka, chembe nyeupe hupanda kupita 10,000 kwa kila maikrolita. Majibu: chembe nyeupe 9,800, CRP 7. Sawasawa kabisa. Nikashika mkoba wangu nimwite mwenye punda twende zetu.

Daktari akanizuia. Akambonyeza mtoto tumbo polepole, akaachia ghafla, mtoto akaruka. Akaniuliza maumivu yalianza saa ngapi hasa, akaandika. Kisha akanifunza jambo ambalo ndilo sababu ya kuandika haya: CRP hutengenezwa na ini na huchelewa kupanda, mara nyingi nusu siku na zaidi tangu ugonjwa uanze. Damu iliyotolewa mapema husema kweli ya saa ile tu.

Tulikaa. Baada ya muda wa saa sita wakamtoa damu tena: chembe nyeupe 15,600, asilimia 87 kati yake ni neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, CRP 52. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha kidole tumbo kimevimba. Usiku huo akapasuliwa, kikatolewa kabla hakijapasuka.

Basi ukiniuliza mimi, usiombe kipimo kimoja ukaondoka nacho kama hukumu. Kuna mizani ya alama 10 ya kukisia ugonjwa wa kidole tumbo, aliyoitoa daktari Alfredo Alvarado mwaka 1986, na madaktari wengi wanaitumia mpaka leo. Humo damu ina alama 3 tu. Saba zilizobaki ni za mgonjwa mwenyewe: maumivu yaliyohama, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, homa, na yale yanayoonekana tumbo likibonyezwa. Mwanangu alikuwa na karibu zote kabla ya sindano ya kwanza kumgusa. Na kinyume chake pia ni kweli, chembe nyeupe zikipanda peke yake hazitaji ugonjwa. Nimonia huzipandisha, mimba nayo huzipandisha. Kwa mwanamke au msichana aliyevunja ungo, mkojo upimwe pia, maambukizi na mimba, bila watu kuoneana haya. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kuuma pale pale na huua haraka zaidi.

Karatasi ya maabara iombeni mwende nayo nyumbani, yenye saa ya kutolewa damu. Bila ile ya kwanza, ile 15,600 isingetushtua vile.

Na nyinyi wa Faza, Siyu na Kizingitini, kule kisiwani Pate, hesabu yenu ni nyingine. Kipimo cha kurudiwa baada ya saa sita hakina maana ikiwa saa hizo maji yatakuwa yametoka na Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari wa kuendea Lamu, haupitiki. Maumivu yakishahamia kulia, mtafuteni nahodha maji yangali yamejaa, mngojee majibu ya pili mkiwa Lamu mjini.