Kuzuru Puri kwa asiye Mhindu
Umeuliza kama mgeni asiye Mhindu anaweza kuingia katika hekalu la Jagannath, mungu wa Kihindu, mjini Puri, kwenye pwani ya jimbo la Odisha, India. Haruhusiwi. Hata hivyo, katika sikukuu ya Rath Yatra, ambayo huangukia Juni au Julai, sanamu za Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra hutolewa nje na kuvutwa kwa kamba juu ya magari matatu makubwa ya mbao, yanayoundwa upya kila mwaka, hadi hekalu la Gundicha, takribani kilomita 3, na hapo kila mtu huweza kuziona. Msongamano wake ni mkubwa mno; mwenye watoto ni afadhali achague Desemba, afike pia Konark, mji wa jirani wenye hekalu la kale la Jua, na asiogelee mbali, kwani mkondo wa bahari hapo Puri ni mkali.